Chuma Kinachoinamia kwa Babu

Lusekelo, dume la pili la nyumba hii (la kwanza unalijua, ndilo linaloandika),

Jioni hii nimebaki na bibi yako tu, naye amelala. Wewe na mama yako mko Lupepo kuwaaga wakwe zangu, na najua hawatawaachia kabla sufuria la ndizi halijaonyesha chini. Ukungu umeshuka mpaka migomba ya jirani imepotea. Ninayoiona ni ya kwetu tu, na kaburi la babu yako katikati yake. Nimewasha taa mapema.

Mambo ya kufua soksi, kusali na kutoshinda unakula chipsi, mama yako ameshakuambia, na ataendelea kukuambia kwenye simu mpaka salio lake liishe. Mimi sigusi huko. Wewe uliniuliza jambo moja tu juzi, tena mdomo umejaa povu la dawa ya meno: "Baba, nikifika Dodoma nataka nijitengenezee kajimu ka kunyanyulia vyuma chumbani. Ninunue sahani gani za chuma?" Nikakujibu kimkato, nilikuwa nasikiliza mpira. Halafu ukatema povu, ukasema: "Au nibebe zile zetu za zege. Zile zinanipenda."

Hapo nikazima redio. Unanijua mimi na mpira. Nikazima, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi mpaka suruali ikaloa. Ulidhani timu imefungwa. Hata sijui ilikuwaje.

Sasa sikiliza. Shule mimi niliishia kidato cha pili, na si kwa sababu ya akili. Akili nilikuwa nazo mpaka walimu walikuwa wanaomba tuachane kwa amani. Chuoni huko watakufundisha umeme, na mimi ukiniuliza waya mwekundu ni wa nini nitakuambia ni wa kupendeza. Lakini kwenye vyuma, Bulyaga nzima na Ibighi yake, hakuna wa kunifundisha. Kifua hiki ndicho kilichomfanya mama yako aanguke sokoni na tenga la parachichi. Yeye anasema ni utelezi. Tukuyu utelezi upo kila siku ya Mungu, mbona hakuwahi kuanguka mbele ya mwingine?

Kwa hiyo nakujibu, ila nianze na sahani zangu za kwanza, usije ukarudia ujinga ambao mwenyewe nimeshaumaliza.

Nilikuwa na umri kama wako. Sahani za dukani nilikuwa naziona kwenye picha tu. Nikasema nitamwaga zangu za zege. Nikachukua beseni la kuogea kama umbo, nikasimamisha kipande cha bomba katikati ili kitoe tundu, nikatafuta kokoto. Kokoto za kuponda zilikuwa mbali, nami nilikuwa na haraka ya kuwa mkubwa. Nikazoa zile nyeusi zenye vitundu zilizojaa kwenye ukingo wa barabara, hizihizi mnazosugulia visigino. Nikamwaga, sahani zikakauka. Mwanangu, zilikuwa kubwa kama gurudumu la Fuso! Nikaita vijana wa Ibighi waje washuhudie. Nikalala kwenye benchi, nikanyanyua, nikanyanyua tena, nikatoa na wimbo. Vijana wakapiga makofi. Halafu Shabani, huyuhuyu rafiki yangu wa vyuma chakavu, wakati huo mwembamba kama fimbo ya maharage, akaja akachomoa sahani moja kwa mkono mmoja, akaiweka kichwani kama kofia, akatembea nayo mpaka barabarani na kurudi.

"Gwakisa," akasema, "hii ni mkate."

Mawe yetu yametapikwa na mlima, ndani yamejaa hewa. Nani mwingine duniani angetengeneza uzito kwa jiwe linaloelea? Basi la kwanza ndilo hilo: ukubwa usikudanganye, na rangi pia. Hata ile namba iliyoandikwa pembeni mtu aliiandika tu. Beba sahani zote mbili mpaka kwenye mizani, hata ya mpunga, na muuzaji akinuna mwache anune. Ziwe sawa. Sahani za chuma chakavu zenye kutu lakini zenye uzito mmoja ni bora kuliko jozi inayong'aa halafu haifanani. Na tundu liwe la kukaa kwenye chuma chako bila kucheza, maana sahani inayocheza inakuvutia kule ambako hukupanga kwenda.

Hapo ndipo ninapofika kwa zile za pili, zile unazosema zinakupenda.

Babu yako hukumkuta. Alikuwa mtu wa kubeba magunia ya majani ya chai, kutoka shambani mpaka kwenye mizani, maisha yake yote. Shingo yake ilikuwa pana kuliko kichwa. Alikuwa akinikuta nimelala kwenye benchi nahangaika na ule mkate wangu, anasimama kichwani kwangu, mikono nyuma, ananuka ugoro, anahema polepole kama ng'ombe. Anangoja nimalize. Halafu anauliza, kila siku swali hilohilo:

"Gwakisa. Mtu ananyanyua kitu, anakirudisha palepale. Hiyo ni kazi gani?"

"Ni mazoezi, baba."

"Mazoezi ya kazi gani?"

Nanyanyua tena, nakirudisha palepale. Lakini hakuondoka. Hata siku moja hakuniacha nimelala chini ya chuma peke yangu. Mikono ikianza kutetemeka, anashusha vidole viwili tu, viwili, anainua upande ule unaozidiwa, kisha anarudisha mikono nyuma kana kwamba si yeye. Mimi nilikuwa namwambia, "Usiguse mzee, ningeweza." Anacheka kwa pua.

Alipofariki tukamzika hapahapa kwenye migomba kama kawaida yetu, na baadaye baba zako wakubwa wakachanga tumjengee kaburi. Fundi akaja, akamwaga zege, akasawazisha vizuri. Alipofika kona ya mwisho, ya miguuni, mvua ikashuka kama imetumwa. Fundi akasema tusubiri kukauke, atarudi kumalizia. Ukavu wa Tukuyu unaujua. Nusu mfuko wa saruji uliobaki tukauweka ndani, kwenye chumba changu, chini ya benchi.

Mvua haikuacha. Fundi akapata kazi Kyela. Mfuko ukaanza kuganda pembeni. Na mimi kila nikilala kwenye benchi nilikuwa najua kuna saruji chini ya mgongo wangu inaharibika bure. Nikachukua. Safari hii nikaenda mto Kiwira kufuata mchanga na mawe ya kweli, mazito. Nikamwaga sahani mbili, siku moja, karai moja, beseni lilelile. Zikatoka nzuri mpaka nilitaka kuzibusu.

Bibi yako alikuja mlangoni akaziangalia.

"We Gwakisa. Ile saluji ya baba yako?"

"Nitanunua nyingine, mama. Mpya kabisa, nzuri kuliko ile."

"Nyingine si ile," akasema, akaenda kumenya ndizi.

Nilinunua nyingine. Nimenunua sana. Ile kona nimeiziba mimi, amekuja kuiziba fundi, ameiziba mpaka Shabani ambaye kwa wafu hataki mchezo, na kila tukiiziba inakauka vizuri, halafu siku moja unaamka unakuta imemeguka, imelala kando kwenye majani, kipande kizima, kama mtu amekisogeza kwa mguu. Wewe mwenyewe ulikuwa unavichezea vile vipande utotoni. Ulikuwa unavipanga.

Na ile jozi, siku ya kwanza tu nilipoivalisha kwenye chuma, chuma kikainama upande wa dirishani. Dirisha linaloangalia migomba.

Usinicheke. Mimi mwenyewe nilicheka. Nikasema nimekosea kipimo, nikabadilisha, ya kulia nikaiweka kushoto. Kikainama kulekule dirishani. Nikageuza benchi, kichwa kikawa kulikokuwa na miguu. Mkono uliokuwa unapumzika ndio ukaanza kuelemewa, na chuma bado kinainamia dirishani. Nikazibeba zote mbili kwa toroli mpaka kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, nikamwomba karani azitundike. Ya kwanza, mshale ukasimama. Ya pili, mshale ukasimama palepale. Karani akaniuliza kama nimeanza kuuza mawe.

Nikamwita Shabani. Akaja na pimamaji, ile ya mafundi ya kupimia usawa, akidai kwamba sakafu yangu imelewa pombe. Akaiweka sakafuni, lile povu dogo likakaa katikati. Akaiweka juu ya benchi, katikati. Akaiweka juu ya chuma kitupu, bila sahani, katikati. Tukavalisha sahani. Lile povu likaanza kutembea, taratibu, likiukimbia upande wa dirisha, mpaka likagota. Shabani akachukua pimamaji yake akaifuta kwenye shati.

"Naomba chai," akasema. "Ila niletee nje."

Mpaka leo chai yake anainywea nje. Wewe ulidhani ni heshima kwa mama yako.

Ungekuwa wewe ungezitupa? Mimi nilikuwa na kiburi cha wawili. Nikazizoea. Nikajifunza kusukuma zaidi kwa mkono wa dirishani, na ndiyo sababu fundi cherehani huniachia shati bega moja pana. Watu wanasema Gwakisa anatembea kwa maringo, kumbe nimepinda. Na ukweli ni kwamba baada ya muda lilikoma kuwa jambo la kutisha, likawa kama kuwa na mtu mkaidi ndani ya nyumba. Ukungu ukiwa mzito kinavuta zaidi. Kukiwa na jua kinapungua, lakini hakiachi. Ukilala pale unasikia kama mtu ameshika ncha ya chuma na anangoja umwulize anataka nini. Sikuuliza. Niliogopa kwamba angenijibu kwa lile swali lake la siku zote.

Sasa tuje kwenye ile siku yako. Nataka unisome taratibu hapa.

Ulikuwa kidato cha tatu. Mama yako alikuwa shambani, bibi yako kanisani, mimi nilikuwa stendi ya Tukuyu napakia ndizi kwenye gari la Mbeya. Ukavalisha zile sahani na vile vyuma vingine juu yake, ukafunga vibanio vya kuzizuia zisichomoke, ukalala peke yako. Unavyosimulia wewe mwenyewe, ulishusha vizuri, mikono ikaisha, chuma kikakaa shingoni. Hukuweza kuita. Ukaona madoa meusi. Halafu upande wa dirishani ukainuka. Kidogo tu, unasema, kama mtu anainua kifuniko cha chungu. Na ule mwingine ukafuata, na chuma kikarudi kwenye nguzo zake, ngo. Ukiwa bado umefumba macho unakohoa ukasema, "Asante baba." Ukasikia mtu anacheka kwa pua.

Nilipofika nyumbani ulinilaki nikiwa bado na matope ya stendi miguuni. Ukaniambia, "Baba, we mkali! Halafu umeanza lini kunusa ugoro?"

Ugoro sijawahi kunusa, Lusekelo. Babu yako hukumkuta.

Nikakuambia si mimi. Nimekuambia siku ile, nimekuambia sikukuu, nimekuambia mbele ya wajomba zako, na kila mara jibu lako ni moja, na kila mtu anacheka: "Baba anajisifu kwa kila kitu mpaka mvua anasema ameiita yeye, hili moja tu ndilo analikataa!" Basi fikiri kidogo. Mtu kama mimi, ninayesema mama yako alianguka kwa ajili ya kifua changu, ningemwokoa mwanangu na chuma shingoni halafu ninyamaze? Ningeandika ukutani kwa rangi. Ningewasimamisha abiria stendi niwasimulie. Silikatai kwa unyenyekevu. Silijui hilo neno linaandikwaje. Nalikataa kwa sababu mikono yangu ilikuwa kwenye ndizi.

Ndiyo maana nilizima redio. Wewe unadhani zile sahani zinakupenda, na unadhani kuna baba wa kutokea mlangoni. Huko Dodoma utakuwa chumba kimoja na mlango mmoja, na mimi niko huku nahesabiwa mikungu. Pale kwenye ngazi nilikuwa nakuona akilini umelala, chuma shingoni, unangoja. Ndicho kinachonifanya niandike badala ya kulala. Si soksi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kabla hujachagua sahani, chagua mtu. Yeyote, hata awe mbishi, ilimradi anaweza kusimama kichwani kwako na kukuangalia mikono badala ya simu. Asipokuwepo, weka sahani nyepesi mpaka uone aibu, na usifunge vibanio, ili ukizidiwa uinamishe chuma zimwagike zenyewe. Zitavunja vigae, utalipa vigae. Mimi sikukufundisha hilo kwa sababu sikuwahi kulihitaji. Nilikuwa na wa kusimama kichwani kwangu wakati akiwa hai, nikawa naye baadaye pia, na muda wote huo nikajiita mwenye nguvu.

Na sahani za zege huondoki nazo. Nilishaamua hivyo tangu juzi. Ila leo kimetokea kitu, nikuambie chote.

Mchana, ulipokuwa unafunga begi lako chumbani kwako, nilisema nizinyanyue mara ya mwisho. Nikavalisha. Nikalala. Nikaweka ule mkono wa dirishani tayari kama ninavyofanya siku zote, nikasukuma, na chuma kikaruka upande, almanusura kinipige kidevu. Nilisukuma kitu ambacho hakikuwepo. Nikakirudisha, nikainuka, nikakiangalia. Kilikuwa kimelala sawasawa. Sijawahi kukiona hivyo. Nje ukungu ulikuwa umejaa mpaka dirishani, siku ambayo kingepaswa kuvuta hasa, nacho kimetulia kama cha dukani.

Sikufurahi. Chumba kilikuwa kama nyumba ambayo saa ya ukutani imesimama.

Mlipoondoka kwenda Lupepo nikakoroga saruji kidogo, nikazibeba zile sahani mpaka kaburini. Kona ile nikaisafisha. Nikalaza moja, nikalaza nyingine juu yake. Zimeingia, Lusekelo. Sikupima, sikuchonga, zimeingia kama kisahani chini ya kikombe chake. Nikaziba pembeni, nikapiga lipu, nikamwambia mzee, "Haya, ile ndiyo hii." Nikakaa pale muda, nikingoja nijisikie kitu. Sikujisikia kitu. Pale chini pakawa mahali pa kawaida kabisa.

Niliporudi ndani bibi yako akafumbua macho.

"Wanaondoka saa ngapi wote wawili?" akauliza.

"Anaondoka Lusekelo tu, mama. Asubuhi. Mwenzake wa chuo atampata hukohuko."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto anayedanganya vibaya. Akageukia ukutani.

Na sasa hivi, kabla sijaandika mstari huu, nimekwenda kuchukua begi lako kitandani niliweke karibu na mlango, kwa sababu wewe ni wa kusahau. Nimelishika kwa mikanda yote miwili. Limeinama. Nikasema umepanga vibaya, kichwa ngumu kama baba yake. Nikalifungua, samahani, nikatoa kila kitu: mashati, lile blanketi, madaftari, viatu, chupa ya asali ya bibi yako. Nikapanga upya, kizito na kizito, chepesi na chepesi. Nikalinyanyua. Limeinama. Nikageuka nalo, nikaangalia migomba, nikaangalia jikoni. Popote ninapogeukia, linainama upande uleule. Upande wa barabara.

Nimeliacha mlangoni. Sitalifungua tena.

Mama yako usimwambie, atataka kuita watu wa maombi na utachelewa gari. Huna haja ya kuogopa. Huyo ni mtu wa kimya, na hana usumbufu ila hilo swali lake, na labda wewe msomi utapata jibu. Ukiwa chini ya chuma na kikawa chepesi ghafla, maliza kukirudisha kwanza, kisha sema asante. Usiseme "asante baba." Sema asante tu, atajua.

Na kesho kwenye basi, ukikuta kiti cha pembeni yako kiko wazi, usiweke begi pale.

Mimi baba yako, ambaye si yeye,
Gwakisa